Mupime kwanza, njo mushitaki

Kazi moja asubuhi, shofere mmoja aliingia kwetu kwenye ofisi ya sendika, barua mkononi. Ni mtu wa miaka mingi kazini. Anaendesha basi dogo la esansi lenye kuchukua watu wa zamu kutoka mjini Kolwezi mpaka kwenye mgodi, kwa kampuni moja ya sutretansi. Barua ilikuwa fupi. Ilisema basi lake linakula esansi kupita mabasi mengine matatu ya aina ileile, kwenye barabara ileile, tangu miezi miwili. Aeleze kwa maandishi, ndani ya saa 48, ile esansi inakwenda wapi. Neno «wizi» halikuandikwa, lakini kila mtu alilisoma.

Alituambia: «Papa delege, mi sikuibaka ata litre moja. Ile basi iko mugonjwa. Nilisemaka, apana mutu alinisikia.»

Sisi wa sendika tumezoea barua za namna hii. Mara nyingi tunazijibu kwa karatasi: mashahidi, daftari za zamu, miaka ya kazi. Safari hii tuliomba kitu kingine. Tuliomba basi lenyewe lipimwe mbele yetu, mbele ya shofere na mbele ya mkubwa wa garaje, kabla mtu hajaandika mstari mwingine. Mkubwa wa watumishi alicheka. «Sasa munataka motokari njo ijibu barua?» Tukasema ndiyo, ijibu.

Ikajibu. Na jibu lake njo sababu tunaandika leo juu ya kitu kidogo chenye kuingia mfukoni: debimetri, ile kapteri yenye kupima hewa ya moteri. Hatukusomea umekanika. Tumesoma sekondari, tumetumika mgodini, na mambo ya motokari tumejifunza kwa gharama zetu wenyewe, tena kijana mmoja fundi wa umeme wa magari alituonyesha kwa subira. Tunaandika juu ya jambo hili kwa sababu linagusa nyumba nyingi za watumishi. Mwenye kuendesha basi la kampuni, na mwenye kujinunulia Toyota ya mkono wa pili iliyopita Kasumbalesa, wote wawili wanaumizwa vilevile: mtu anakata maneno kabla ya kupima.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Moteri ya esansi inakula vitu viwili, esansi na hewa. Wengi wetu tunafikiri inakula esansi hasa, kwa sababu esansi njo tunailipa. Shi hewa hatuilipi. Lakini kwa kilo moja ya esansi, moteri inahitaji karibu kilo 14,7 za hewa ili moto uwake sawasawa. Hewa njo bukari, esansi ni mboga. Kompyuta ya motokari haiwezi kujua itie mboga ngapi kama haijui bukari ni kiasi gani. Debimetri njo inaipa hiyo hesabu.

Inakaa kwenye tiyo, kati ya sanduku la filtri ya hewa na moteri. Ndani yake mna waya mwembamba sana, wenye kupashwa moto na umeme. Hewa inapopita inaupoza, na umeme unaongezwa ili joto lisishuke. Kila mama anajua jambo hili: ukipuliza bukari ya moto inapoa, ukipuliza kwa nguvu inapoa upesi zaidi. Ule umeme unaohitajika kurudisha joto njo unaonyesha hewa ngapi imepita, na skana inaiandika kwa gramu kwa kila sekunde.

Sasa mfikirie vumbi letu. Tangu mwezi wa tano mpaka mvua za kwanza, malori ya shaba na kobalti yanapita mchana na usiku, na vumbi jekundu linakaa kwenye majani, kwenye nguo, kwenye mboga za mama sokoni. Linakaa pia kwenye filtri ya hewa. Filtri ikiwa nzima, inashika. Lakini wengi tunaipeleka kwa kijana mwenye kompresa, anaipuliza kwa nguvu mara tano, mara kumi, mpaka karatasi inafunguka matundu madogo ambayo jicho halioni. Vumbi laini linapita, linakaa juu ya ule waya. Waya uliofunikwa hausikii upepo vizuri, ni kama mtu aliyevaa koti mbili. Unasema hewa ni kidogo kuliko ile iliyoingia. Kompyuta inaamini, inatia esansi kidogo, na motokari inakosa nguvu kwenye kilima, inakohoa unapokanyaga.

Mara nyingine inadanganya kwa upande mwingine. Inasema hewa ni nyingi, esansi inamwagwa, unaona moshi mweusi, unasikia harufu, na masizi yanajaa kwenye tiyo ya moshi. Na kama ishara yake inakatika kabisa, kompyuta inaacha kupima na kuanza kukisia. Inaangalia moteri inazunguka namna gani na mguu wako unakanyaga kiasi gani, inatia esansi kwa kubahatisha. Motokari inatembea, ndiyo. Lakini inatembea kama mtu anayepika gizani, na chumvi inakwenda.

Turudi kwenye lile basi.

Mkubwa wa garaje alikuja na skana yake. Kabla ya kuichomeka, kijana fundi aligeuza ufunguo bila kuwasha moteri, akaangalia tablo. Hii ni kazi ya sekunde tano, na haina bei. Taa ya batri iliwaka, ya mafuta iliwaka, ya breki iliwaka. Taa ya moteri, ile ya rangi ya machungwa, haikuonekana. Inapaswa kuwaka pamoja na zingine, halafu kuzimika moteri inapoanza. Kijana akapitisha kidole kwenye kioo cha tablo. Kulikuwa na kipande cha skoci nyeusi, kimekatwa vizuri, kimebandikwa palepale. Alipokiondoa, taa ilikuwa inawaka chini yake.

Shofere alisema: «Nilikutaka vile, siku banipatia basi.» Mkubwa wa garaje hakusema kitu.

Tunawaomba wote mnaoendesha, leo jioni mgeuze ufunguo na mwangalie kama hiyo taa inawaka. Kama haiwaki kabisa, mtu aliifunika au aliiondoa, na motokari yenu imefungwa kinywa.

Skana ilitoa kode P0102. Mkubwa wa garaje alifurahi. «Njo hii! Debimetri imekufa, tutaagiza mupya.» Hapa njo mahali watu wengi wanapoteza makuta. Kode si hukumu. P0102 haisemi debimetri imekufa. Inasema kompyuta inapata ishara ndogo kuliko inavyotazamia. Ishara inaweza kuwa ndogo kwa sababu kifaa kimekufa, ndiyo. Inaweza pia kuwa waya umekatika, au umeme wa batri haufiki, au masi ni mbovu, au fishi haishiki. Ni kama mtumishi asiyeitika kwenye apeli ya asubuhi: labda hakuja, labda alikuja na jina lake liliandikwa vibaya.

Kijana alichomoa fishi, akaweka multimetri. Umeme wa batri ulifika. Masi ilikuwa nzuri. Akarudisha fishi, akawasha moteri, akaiacha kwenye ralanti, bila kukanyaga. Akafungua ile sehemu ya skana yenye kuonyesha hesabu wakati uleule, halafu akatikisa fishi kwa vidole viwili. Hesabu ilikuwa sifuri. Ikaruka, ikawa karibu gramu 4 kwa sekunde. Ikarudi sifuri. Sisi wote tuliona. Ndani ya fishi, pini moja ilikuwa ya kijani kama malakite, imeliwa. Na sababu haikuwa siri: basi lilikuwa linaoshwa kila jioni kwa maji ya presha, kapo wazi, kwa sababu kwenye lango la mgodi wanataka magari safi.

Alisafisha pini, akaikaza, akaifuta ile kode. Ilichukua dakika ishirini. Hakuna piesi iliyonunuliwa. Baada ya wiki mbili, hesabu ya esansi ya lile basi ilikuwa sawa na ya mabasi mengine.

Tuliuliza kijana: na hizo gramu 4, unajuaje ni nzuri? Akatufundisha kanuni ya mafundi, nasi tunawapa kama tulivyoipata. Moteri ikiwa ya moto, kwenye ralanti, klima imezimwa, hesabu nzuri ni karibu gramu moja kwa sekunde kwa kila litre ya moteri, au kupita kidogo. Moteri ya litre 2,7 itaonyesha karibu 3 au 4. Ya litre moja na nusu, karibu 1,5 au 2. Halafu unakanyaga polepole, na hesabu ipande bila kuruka na bila kukwama. Ikibaki palepale wakati moteri inalia, au ikiruka kama mbuzi, kuna jambo. Hiyo ni kanuni ya kuanzia, si ya kumaliza.

Na kuna jambo moja letu sisi watu wa huku, ambalo vijana wanaojifunza kwenye video za nje hawalifikirii. Kolwezi iko metre zaidi ya 1.400 juu ya bahari, na Lubumbashi karibu 1.200. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya saba. Kwenye ralanti hutaona tofauti kubwa, kwa sababu moteri inajifungulia kidogo zaidi. Lakini ukikanyaga mpaka mwisho, hesabu ya huku haiwezi kufika ile ya motokari inayopimwa kandokando ya bahari. Mtu akichukua hesabu ya video hiyo, atahukumu debimetri nzima kuwa imekufa. Tumeona imefanyika.

Sasa tuzungumze juu ya makuta ya nyumba, maana basi la kampuni lilikuwa na sendika nyuma yake. Motokari ya mtumishi haina delege.

Mwenzetu mmoja, mtu wa chini ya ardhi, alinunua Toyota ndogo kwa makuta aliyoyakusanya miaka mitatu. Mkewe anaifanyisha taksi wakati yeye yuko kwenye zamu, na ile taksi njo inalipa shule ya watoto. Motokari ikaanza kutetemeka kwenye ralanti, kuzimika kwenye mzunguko, mbele ya wateja. Taa ya moteri ikawaka. Fundi wa kwanza aliweka skana, akakuta P0171, yaani moteri inapata hewa nyingi kuliko esansi. Akasema debimetri. Dola 60. Taa ikazimika siku mbili, ikarudi. Fundi wa pili akasema buji, zikabadilishwa zote nne. Fundi wa tatu akasema pompi ya esansi. Kufikia hapo taksi ilikuwa imekaa wiki tatu bila kutumika, na mama alikuwa ameenda kukopa. Tena ile debimetri «mupya» ilikuwa ndani ya sanduku zuri lenye jina kubwa, lakini hesabu zake zilikuwa mbaya kuliko za ile ya zamani. Bahati nzuri, mama alikuwa ameificha ya zamani chini ya kitanda. Bamama wanajua kutunza.

Ugonjwa ulikuwa nini? Tiyo ndogo ya mpira nyuma ya moteri, imepasuka kwa uzee. Hewa ilikuwa inaingilia pale, baada ya debimetri, bila kuhesabiwa. Watu wa mgodi wataelewa upesi: ni kama watu wanaoingia kwa tundu la fensi usiku. Hesabu ya lango iko sawa, mlinzi hakudanganya, lakini ndani batu ni bengi. Ukimfukuza mlinzi ukaweka mwingine, tundu bado liko.

Skana ya kawaida ingeweza kuwaonyesha jambo hilo tangu siku ya kwanza, kama mtu angesoma zaidi ya kode. Kuna hesabu ya marekebisho: kompyuta inaandika inaongeza au inapunguza esansi kwa asilimia ngapi ili moto uwe sawa. Ikizunguka karibu na sifuri, ata ikifika 5 au zaidi kidogo, hakuna shida. Kwenye ile Toyota ilikuwa zaidi ya 20 kwenye ralanti, na ilishuka karibu na sifuri moteri iliposhikwa kwenye mizunguko 2.500. Hiyo ni sura ya tundu: moteri ikipumua kidogo, hewa ya wizi ni sehemu kubwa, ikipumua sana, haionekani tena. Debimetri yenye vumbi ina sura nyingine. Marekebisho yanaongezeka kadiri unavyokanyaga, motokari inachoka kwenye kilima. Ata hapo usikimbilie kununua, kwa sababu filtri ya esansi iliyoziba au pompi iliyochoka inatoa sura ileile. Lazima presha ya esansi ipimwe pia.

Mafundi wengi wana mtihani mmoja wanaoupenda: «Tuichomoe tuone.» Si mbaya, lakini ufanywe vizuri. Unazima moteri, unachomoa fishi ya debimetri, unawasha. Kama motokari inatembea vizuri kuliko mwanzo, basi debimetri ilikuwa inadanganya kompyuta, na kukisia kumekuwa afadhali kuliko uongo. Kama hakuna kilichobadilika, hujajua kitu bado. Labda kompyuta ilikwisha kuacha kuisikiliza zamani, kama kwenye lile basi. Labda ugonjwa uko mahali pengine. Na taa itawaka kwa sababu umechomoa, kwa hiyo kode zilizokuwepo ziandikwe kwenye karatasi kabla. Tunakazia hilo. Kuna mafundi wanafuta kode kwanza, halafu wanauliza motokari ina nini. Ni kama kuosha damu kabla dokta hajaona kidonda.

Na kama kweli ni vumbi? Basi isafishwe kabla ya kununuliwa nyingine. Kuna dawa ya kupuliza ya debimetri, inauzwa kwenye makopo. Kopo moja linatosha motokari nyingi, watu wanne wanaweza kuchanga. Unaitoa, unapuliza kwenye ule waya bila kuugusa, unaacha ikauke kabisa kabla ya kugeuza ufunguo. Usitumie mswaki, usitumie kitambaa, usitumie esansi wala dawa ya kabureta, na usiipulizie kompresa. Ule waya ni mwembamba kuliko unywele, ukikatika umekwisha. Na ukirudisha filtri ileile iliyotoboka, umefanya kazi bure.

Tena ujue kama motokari yako inayo. Land Cruiser yenye moteri 1HZ ya mazuti, ile tunayoiona kila mahali kwenye migodi, haina debimetri kabisa. Mwenzetu mmoja aliombwa makuta ya debimetri ya 1HZ. Alicheka sana baadaye, lakini siku ile alikuwa amekwisha kutoa nusu.

Kuna wanaotuambia: nyinyi sendika mnachokoza mafundi wa barabarani, watu wanaotafuta chakula kama sisi. Hapana. Tuseme ukweli juu yetu wenyewe. Fundi akiangalia motokari yako saa nzima, akapata tiyo ya nusu dola, unampa nini? Unampa «asante, kijana», labda franka za kinywaji. Lakini akikuambia piesi ya dola 60, unalipa, na mkono wake unapata kitu kwa muuzaji. Sisi wenyewe tumemfundisha kubadilisha badala ya kupima. Tukitaka apime, tulipe kupima. Tukubaliane bei kabla hajafungua kapo, na atupe karatasi: kode zote, hesabu ya gramu kwenye ralanti na kwenye mizunguko 2.500, marekebisho, hali ya filtri na ya tiyo. Kisha tuamue pamoja kama kuna piesi ya kununua. Fundi wa kweli hataogopa. Yule kijana wetu sasa anatumika hivyo, na wateja wake wanarudi.

Kwenye sehemu yetu tumeanza kuchanga kwa ajili ya skana moja ya sendika, yenye kuonyesha hesabu na si kode tu. Itakaa ofisini, itatoka siku ya posho, mwanachama atapimiwa motokari yake mbele yake. Si jambo kubwa. Wengine wamesema sendika ina kazi ya mishahara, si ya moteri. Tunawajibu kwamba dola 60 zilizotupwa kwa debimetri nzima ni mshahara uliokwisha kulipwa na uliokwisha kupotea. Kwa mama wa ile taksi, hakuna tofauti.

Lakini kwa waajiri tuna neno zito zaidi.

Sheria ya kazi ya nchi yetu, ile namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, inasema kwenye artikle 62 kwamba mtumishi mwenye mkataba usio na mwisho hawezi kufukuzwa na mwajiri bila sababu halali. Basi likila esansi nyingi, hiyo ni hesabu, si sababu bado. Esansi inaweza kutoka kwa tiyo ya mwizi, na inaweza kutoka kwa pini ya kijani. Karatasi ya pompi haiwezi kutofautisha. Kipimo kinaweza. Kwa hiyo tunadai, na tutalipeleka kwenye mazungumzo ya mkataba wa pamoja: barua yoyote ya kumwomba shofere maelezo juu ya esansi au mazuti iambatane na karatasi ya kipimo cha gari, yenye tarehe, na shofere awepo wakati wa kupima. Kama kipimo kinaonyesha gari zima na esansi bado inapotea, sisi hatutamtetea mwizi. Tumekwisha kulisema hilo mbele ya wakubwa na tunalirudia mbele ya wanachama.

Na wale wanaotumika chini ya ardhi wanajua kwamba hewa ya moteri si jambo la makuta tu. Mashine ya mazuti isiyopata hewa yake sawasawa, kwa filtri iliyoziba au kapteri iliyokufa kwa zile zenye kapteri, inatoa moshi mweusi ndani ya galeri, na ule moshi unaingia kwenye mapafu ya watu. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la uchunguzi wa kansa, la OMS, liliweka moshi wa moteri za mazuti kwenye kundi la kwanza, la vitu ambavyo ni hakika vinaleta kansa. Chini ya ardhi, mtu akianguka kwa hewa mbaya, hatuweki mtu mwingine mahali pake halafu tunaendelea. Tunasimamisha, tunapima hewa. Tunaomba mashine nazo zifanyiwe hivyo zinapoanza kuvuta moshi, wala opereta asiambiwe «maliza kwanza zamu».

Tunakiri pia kosa la upande wetu. Shofere alisema basi ni mgonjwa, na tunamwamini, lakini alisema kwa mdomo, kwenye parkingi, kwa mtu aliyekuwa anapita. Hakuandika kwenye daftari la gari. Siku ya barua, maneno yake hayakuwa na mahali pa kusimama. Bandugu mashofere, muandike. Tarehe, kilometre, neno moja au mawili: «haina nguvu», «inanuka esansi», «taa ya moteri inawaka». Muombe sahihi ya mwenye kupokea, na kama anakataa kutia, muandike kwamba amekataa. Mpige foto ya ukurasa kwa simu.

Yule shofere bado yuko kwenye basi lake. Mkubwa wa watumishi alimwambia kwa mdomo kwamba mambo yamekwisha, arudi kazini asihangaike. Lakini ile barua ya maelezo iko ndani ya faili yake mpaka leo, na barua ya kuifuta haijatoka. Tumeiomba kwa maandishi mara mbili, nakala ya kipimo imeambatishwa pamoja na kile kipande cha skoci nyeusi ndani ya mfuko wa nailoni. Kazi moja ijayo tunarudi kuiomba mara ya tatu, na shofere atakuja nasi.